Jiko Zima

Nilikuta kufuli.

Nilikuwa natoka sokoni, mtoto mgongoni, mkononi nimeshika perege watatu wa bwawa la Nyumba ya Mungu waliofungwa kwenye gazeti, na jua la Same la saa sita limeshanikausha mpaka ulimi. Nikapanda ngazi, nikafungua mlango wa mbele kwa ufunguo wangu kama siku zote, nikapita sebuleni, nikaenda moja kwa moja jikoni kuwatia samaki maji. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Siyo umeegeshwa, umefungwa. Juu ya kitasa palikuwa na komeo jipya, stika ya dukani bado imebandikwa, na kwenye komeo kufuli kubwa kama ngumi ya mwanangu. Sakafuni kulikuwa na unga wa mbao ulioanguka kutoka kwenye matundu ya skrubu. Mtu alikuwa ameingia ndani kwangu kwa ufunguo wa akiba, akatoboa mlango, akaondoka. Hata kufagia hakufagia.

Kwenye nyumba ile nilivumilia mengi. Nilivumilia maji ya mara mbili kwa wiki, na upepo unaoleta vumbi la uwanda wote mpaka kwenye chumvi. Nilivumilia mwenye nyumba kuleta watu kutazama vyumba bila hodi, siku moja wakanikuta na khanga moja kifuani nanyonyesha. Nilisema sawa, yatapita. Lakini mbele ya lile kufuli uvumilivu ulinitoka, tena ulitoka bila kuaga.

Nikashuka ngazi na samaki wangu mkononi. Mwenye nyumba anakaa chini. Alikuwa kibarazani, miguu juu ya kigoda, anakunywa chai.

"Shikamoo, baba." Hasira au si hasira, kwetu Suji mtu mzima anaamkiwa kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Umeshatoka sokoni?"

"Nani amefunga jiko langu?"

Akapuliza chai yake, akanywa funda moja. "Jiko lako? Jiko la nyumba hilo, mwanangu. Nimelifunga lisije likaondoka."

"Jiko linaondoka? Lina miguu?"

"Si wewe uliyesema juzi hapo kwenye ngazi kwamba likipakiwa kigari kimoja cha kirikuu linakwenda?"

Ni kweli, nilisema. Nilisema kwa sauti, kwa sababu nilikuwa najivuna. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na yeye alikuwa amekataa kuniongezea. Alisema kuna ndugu yake anakuja. Ndugu mwenyewe alikuwa mtumishi mmoja aliyehamishiwa hapa mjini, dada mpole tu, ambaye alipoonyeshwa nyumba alisimama jikoni kwangu akasema, "Hapa nitahamia hata kesho." Tangu siku ile nyumba ikapata ndugu. Nami nikawatangazia majirani kwamba nahama, na jiko langu nahama nalo.

Sasa ili mtu aelewe kwa nini mbele ya mzee yule niliwabana samaki wangu mpaka gazeti likachanika, lazima nilieleze lile jiko.

Matangazo huziita nyumba hizi apatimenti. Yangu ilikuwa chumba kimoja cha kulala, sebule, choo, na kijichumba cha mita moja na nusu kwa mita mbili na sentimita kumi. Nilipohamia, ndani ya kijichumba kile kulikuwa na koki ya maji ukutani, tundu la kutolea maji machafu, na dirisha. Basi. Hakukuwa na rafu hata moja, wala msumari wa kutundikia chujio. Sufuria nilipanga sakafuni, jiko la mkaa likakaa sakafuni, madumu ya maji sakafuni, na mimi nikapika nimechuchumaa nusu mwaka.

Binti yangu alipoanza kutembea, jambo la kwanza alilolifuata duniani ni lile jiko la mkaa. Niligeuka kuchukua chumvi. Nilirudi kwa kelele yake. Aliweka kiganja chote pembeni mwa jiko, na ngozi ilivimba kama andazi. Pale zahanati muuguzi hakunigombeza, na kule kutonigombeza ndiko kulikoniuma. Nilirudi nyumbani, nikaketi mlangoni mwa kile kijichumba, nikaapa kwamba hakuna kitu cha moto wala cha kukata kitakachokaa tena sakafuni, na mkaa basi, tunahamia gesi.

Mume wangu anafanya kazi kwenye machimbo ya jasi huko Makanya, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Nilimpigia simu nikamwambia nataka kuchora jiko.

"Kuchora?" akasema. "Jiko linachorwa?"

"Linachorwa."

"Haya, chora. Ukimaliza unichoree na gari."

Nilichora. Nilikuwa bado na daftari la grafu la sekondari, kurasa sita hazijaandikwa. Hisabati ya kidato cha nne nilipata D, na mwalimu wangu alisema D ile ni ya huruma, lakini mita moja na nusu haihitaji A. Mraba mmoja nikaufanya sentimita kumi. Nikatazama picha kwenye simu, majiko ya watu wa mbali, meupe, yana taa hata ndani ya droo, na kila picha ilinikasirisha zaidi. Meza zao zote ziko juu. Mtu anapika amenyooka kama yuko paredi. Nikajiuliza, hawa ugali wanausongea wapi? Huwezi kusonga ugali wa familia kwenye sufuria iliyo usawa wa kifua chako, mimi hasa niliye mfupi. Ugali unasongwa kwa bega na mgongo, na mdomo wa sufuria lazima uwe chini ya kitovu.

Aliyenifundisha si simu, ni mama yangu. Jiko lake kule Suji liko nje ya nyumba kubwa, ni dogo, na halina kabati. Ila juu ya moto kuna dari la fito ambako mahindi ya mbegu yanakaa kwenye moshi, na chini ya dari kamba ya nyama, na nyuma ya mlango mwiko, na kando ya mafiga kile kigoda chake. Taa ikizimika anapika vilevile. Mkono wake unakwenda kwenye chumvi kama unavyokwenda kwenye sikio lake mwenyewe. Hilo ndilo nililolitaka, lakini ghorofani, na bila kugusa ukuta wa mtu. Maana mimi ni mpangaji, na nilishaona wapangaji wanaojengea watu.

Kwa hiyo nikaamua: masanduku. Kila kitu kiwe sanduku, kila sanduku lisimame peke yake, yaungane kwa bolti na nati, na siku ya kuhama yafunguliwe kwa spana moja.

Kabla ya kwenda kwa fundi niliyajenga kwa maboksi. Nilikusanya katoni za sabuni na biskuti madukani, nikazikata, nikazibandika kwa gundi ya karatasi kwa vipimo vya grafu, nikazipanga jikoni, nikaishi nazo wiki nzima. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja mcheshi anayeshona nguo, alichungulia akauliza kama nimefungua duka. Lakini katoni zilinifundisha. Siku ya kwanza niliinama kuchukua ndoo, makalio yakagonga ukuta wa pili. Nikapunguza kina kutoka sentimita sitini mpaka arobaini. Siku ya tatu niligundua kwamba mlango wa sanduku la pembeni ukifunguka kulia unaziba mlango wa chumba, nikaugeuza. Siku ya sita niliweza kuingia gizani, mtoto mkono wa kushoto, nikachukua kiberiti bila kupapasa. Nikajua limekamilika.

Karakana ya fundi iko ng'ambo ya reli. Ni mzee, mtu wa maneno machache, na machache hayo ni ya kuchoma. Nilimwekea grafu yangu juu ya benchi lake.

"Unataka kabati," akasema.

"Hapana, fundi. Masanduku. Kumi na moja."

"Mama, mimi masanduku natengeneza ya aina moja tu, na wenye nayo hawajawahi kurudi kulalamika."

Vijana wake wakacheka. Mimi nikasubiri wamalize.

"Matano ya chini," nikasema, "manne ya juu yenye miguu yanayokaa juu ya yale ya chini, na mawili membamba ya ukuta wa pili, kina sentimita kumi na tano. Hakuna msumari unaoingia ukutani."

"Kabati lisilopigwa msumari ukutani ni meza yenye kiburi. Litakuangukia."

"Ndiyo maana yanaungana kwa bolti. Moja likitaka kuanguka yanaanguka yote, na yote hayawezi."

Akaweka kidole kwenye ile grafu. "Na hili la tatu mbona fupi? Yote futi tatu, hili umelikata. Umekosea."

"Sijakosea. Hapo ndipo inakaa plate ya gesi. Hapo nasongea ugali."

"Saizi ya kawaida ni futi tatu."

"Kawaida ya nani? Nipe sufuria."

Hakuwa na sufuria, alikuwa na ndoo ya gundi. Nikaiweka juu ya benchi lake la futi tatu, nikaokota ubao, nikasonga ugali wa hewa mbele ya karakana nzima, viwiko vimepanda mpaka masikioni. "Songa tuone!" vijana wakapiga kelele. Halafu nikashusha ndoo juu ya gogo, nikasonga tena, mgongo umeingia kazini. Fundi hakucheka. Alichukua futi yake, akapima kutoka chini mpaka kwenye kiwiko changu, akaandika kwenye ubao kwa penseli. Kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza fundi mwenzake, "Na mtungi wa gesi unakaa wapi?"

Yale masanduku yalipokwisha niliyapandisha ngazi mwenyewe, moja moja. Nikayafunga kwa spana mchana mmoja mtoto amelala. Sanduku la kwanza, chini ya koki, lilipokea karai la chuma kwenye tundu lake likawa sinki. La pili lilikuwa la maji, ndoo tatu juu ya kibao chenye magurudumu niliyoyang'oa kwenye begi bovu. Unavuta, zinakuja zenyewe. La tatu lilikuwa la gesi, mtungi ndani na mlango wenye kitasa cha juu ambacho mtoto hakifikii. La nne unga, mchele na maharage. La tano sufuria, kubwa ya makande chini na nyingine ndani yake. Yote matano kwa upana yalikula mita mbili kamili, na katika sentimita kumi zilizobaki pembeni nilisimamisha sinia, kibao cha chapati na mbuzi ya nazi. Yule jirani alikuja, akafungua mlango mmoja, akafunga, akafungua tena.

"Jamani. Hili jiko au duka la dawa?"

"Jiko."

"Nani kakutengenezea?"

"Mimi."

"Nakuuliza nani kakutengenezea, we mwanamke."

"Na mimi nakujibu."

Sijawahi kujivuna vile. Nilipofunga ndoa sikujivuna vile. Mume wangu alipokuja Jumamosi alisimama mlangoni, kofia bado nyeupe kwa vumbi la jasi, akasema, "Nilidhani unatania." Akapika chai mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, kwa sababu alitaka kuvuta ile ndoo ya magurudumu.

Sasa turudi kibarazani, kwenye samaki.

"Baba," nikamwambia mwenye nyumba, "yale masanduku ni yangu. Fundi yupo, grafu ipo, matundu ukutani hakuna. Fungua."

"Mwanangu, mimi sitaki ugomvi. Nitaongea na mumeo akija."

"Mkataba una sahihi ya nani?"

"Yako."

"Basi ongea na mwenye sahihi."

Akaweka kikombe chini. Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki, na ndani yake mkataba. Nilijua mwandiko hata kabla hajaukunjua. Ulikuwa wangu. Tulipoandikishana mwaka uliopita alisema, "Wewe umesoma, andika," na mimi kwa kiburi cha kidato cha nne nikaandika, yeye akisema na mimi nikinyoosha Kiswahili. Aliyekaa kabla yangu alikuwa amevunja kioo cha dirisha la jikoni na kung'oa koki, na mzee alitaka jambo hilo liingie. Akaweka miwani, akasoma pole pole kama anasoma somo kanisani:

"'Mpangaji akihama ataacha jiko zima.' Umeandika wewe. Zima. Siyo nusu. Zima, pamoja na vilivyomo."

Nilikuwa nimeandika zima nikimaanisha lisilovunjika, kama unavyosema sahani nzima, yai zima, mtu mzima wa afya. Yeye alisoma zima kwa maana ya lote. Na neno lenyewe lilikaa pale kwenye karatasi, linatutazama wote wawili, halina upande.

"Baba, zima maana yake halijavunjika!"

"Zima maana yake lote. Ukisema umekula mkate mzima, umebakiza?"

Majirani walikuwa wameshajaa kwenye ngazi, yule mshonaji wa mlango wa pili mbele yao, futi ya kushonea shingoni. "Au labda ni amri," akasema. "Zima jiko! Mtu akihama azime, nyumba isiungue."

Watu wakacheka, na mwenye nyumba mwenyewe akatabasamu. Mimi sikucheka.

"Na jiko ni lipi?" nikamuuliza. "Chumba ni jiko. Lile la mkaa ni jiko. Hata mume wangu alipooa alisema amepata jiko. Na mimi utanifungia kufuli nibaki na nyumba?"

Hapo ngazi nzima ikapasuka kwa kicheko, na mzee akaacha kutabasamu. Akakunja mkataba. "Kufuli halitoki," akasema. "Mwisho wa mwezi utoke salama, jiko libaki. Sitaki maneno na mtoto wa watu." Akaingia ndani na kikombe chake.

Perege nilimpa jirani akawakaanga kwake. Tulikula sakafuni, mimi, binti yangu na yeye, kati ya vitambaa. Baadaye nilivuka reli kwenda kwa fundi. Nilimwambia komeo limefungwa kwa skrubu kutoka nje, nina bisibisi, dakika mbili nimelitoa.

"Usiguse," akasema.

"Mlango ni wa nyumba ninayoilipia mimi!"

"Usiguse, nakwambia. Ukilitoa, kesho atasema umevunja, na wewe ndiye utakayejibu. Sasa hivi aliyetoboa mlango ni yeye. Muache nalo lining'inie." Akaendelea kupiga randa, halafu akaongeza, "Na mimi niite. Nitakuja kusema nani alinifundisha kimo cha ugali."

Watu wa mikoa mingine wana mzaha wao juu yetu: eti Mpare huuza ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku. Wakisema, huwa tunacheka nao. Lakini mtu anayesema vile hajawahi kumpima huyo kuku kwa grafu, wala kumbeba ngazini sanduku moja moja. Usiku ule sikuwaza ng'ombe wala kuku. Niliwaza maneno. Safari hii, nikasema, sitaandika neno lolote lenye maana mbili.

Asubuhi nilimbeba binti yangu mpaka ofisi ya kata. Mtendaji alinisikiliza dakika mbili, akasema mambo ya mdomo yanapotea, andika. Akanipa karatasi. Shuleni tulifundishwa barua ya kiofisi ianze kwa heshima na mzunguko mrefu. Mimi nilizunguka kidogo tu. Hii ndiyo niliyoandika, na ndiyo iliyogongwa muhuri:

*Kwa Afisa Mtendaji wa Kata.*

*YAH: MALALAMIKO YA KUFUNGIWA CHUMBA CHA KUPIKIA NA KUZUILIWA MASANDUKU KUMI NA MOJA*

*Mimi ni mpangaji, mama wa mtoto mmoja. Mkataba wangu bado haujaisha. Jana mchana nikiwa sokoni, mwenye nyumba aliingia ndani kwangu bila ruhusa, akatoboa mlango wa chumba cha kupikia na kuufunga kwa kufuli lake. Hakukataa. Alisema mbele ya majirani kwamba ni yeye.*

*Ndani ya chumba hicho kuna chakula cha mtoto, maji ya kunywa, mtungi wa gesi, vyombo, na masanduku kumi na moja ya mbao niliyoyapima, kuyachora na kuyafunga mwenyewe. Hayajashikizwa kwenye ukuta, dari wala sakafu. Atakayepata tundu moja la msumari ukutani anionyeshe.*

*Mwenye nyumba anasema ni mali yake kwa sababu mkataba unasema nitaacha "jiko zima". Maneno hayo niliyaandika mimi, na kosa la kuyaandika bila kufafanua ni langu. Nilimaanisha chumba, kioo cha dirisha na koki, vyote visivunjwe. Havijavunjwa. Nitaviacha hivyo.*

*Naomba mambo matatu. Kwanza, kufuli litolewe leo na yule aliyeliweka, mbele ya ofisi yako. Pili, uje wewe mwenyewe au umtume mtu uone masanduku hayo yanavyosimama; nitayafungua na kuyafunga mbele yako, na fundi atakuwepo. Tatu, iandikwe kwamba siku nitakayohama nitatoka nayo, na asinizuie mtu mlangoni.*

*Mchoro wenyewe naambatanisha, kurasa mbili za grafu. Naomba zisipotezwe, sina nyingine.*

*Sirudi nyumbani kusubiri majibu, kwa kuwa sina pa kupikia. Nipo hapa nje kwenye benchi la ofisi, na mtoto ninaye.*

*Mpangaji.*